Kimbunga cha Aliye Chini

Mambo yangu yaliharibika Alhamisi, tarehe ishirini na tano Julai, saa nane na robo mchana. Saa naijua vizuri kwa sababu karani wa duka la vyuma pale St. George's, mji mkuu wa kisiwa chetu, alinifungia mlango ili ale chakula chake kwa raha, nami nikasimama juani robo tatu ya saa nzima nikimsubiri amalize kulamba vidole. Mtu akipewa meza tu, hata kama ni ya kuuzia misumari, tayari amekuwa mkubwa. Alipofungua saa nane kamili nilinunua roli langu la waya, nikalitia begani, nikashuka kuelekea bandarini kutafuta gari la kurudi kwetu Gouyave.

Laiti angekula polepole zaidi. Au haraka zaidi. Ningepita pale mlango ukiwa umefungwa.

Pale, yaani kwenye nyumba ya kikundi cha Lennard Pascall. Kila kanivali ikikaribia, Pascall hubandika michoro ya mavazi yake ukutani, watu waje wajiandikishe kucheza mas, yale maonyesho ya mavazi, pamoja naye. Sisi wa Gouyave tunatengeneza mas yetu ndani ya banda la mabati lililokuwa la ndizi. Yeye ana feni tatu na mtu wa kuwaletea wageni juisi. Nilisimama mlangoni kwa wivu tu, sitadanganya. Nilitaka kuona mwaka huu atabandika manyoya ya rangi gani, ili jioni nikamcheke pamoja na mchumba wangu Ianthe.

Nikaona kimbunga changu.

Kilikuwa katikati ya ukuta, kikubwa kuliko michoro mingine yote. Mwanamke amesimama, uso ameuinua juu, na juu ya kichwa chake gurudumu la mawingu lenye mikono saba. Mawingu ya vazi ninalolitengeneza mimi ni ya kitambaa cha kijivu na vipande vya bati. Haya yalikuwa ya dhahabu, yamejaa manyoya. Hilo lisingenitisha. Kisiwa hiki chote kiliwahi kupoteza mapaa kwa siku moja, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuota kimbunga. Kilichonifanya niliteremshe roli la waya chini ni mzunguko wake. Mikono ya mawingu yale ilikuwa imepindwa kufuata mishale ya saa.

"Waya!" Pascall aliniita kwa jina langu la kazini, maana kazi yangu ni kupinda fremu za waya za mavazi, huku akija amefungua mikono. "Karibu ndani, bwana. Mbona umesimama juani kama mtu aliyefiwa?"

"Hiki kimechorwa na nani?"

"Mchoraji wetu. Tumemtoa Trinidad."

"Kinazunguka kinyume."

"Naye alisema hivyo hivyo!" Pascall akacheka, akanipiga bega. "Alisema watu watatucheka, televisheni zote zinaonyesha upande mwingine. Lakini malkia wetu mpya, atakayelivaa jukwaani, amekataa katakata. Amesema mkikigeuza, sichezi."

"Malkia wenu mpya nani?"

"Ah, hilo utalisikia Jumamosi pamoja na wenzako. Ila ana mabega, bwana wee! Mabega ya kubeba hali ya hewa ya dunia nzima."

"Hicho kimbunga ni changu, Pascall."

Hakukasirika. Wakubwa hawakasiriki, hasira wanatuachia sisi. Alinitazama kwa huruma kama anavyotazamwa mlevi mlangoni mwa kanisa.

"Upepo hauna mwenyewe, Waya," alisema. "Kunywa juisi."

Sikunywa juisi yake. Nilipanda gari la Gouyave na roli la waya mapajani, na njia nzima nilikuwa nahesabu ni nani anayejua. Nilianza kuhesabu upya kila kona, na kila mara nilifika kwenye jina moja.

Maana mzunguko ule haujulikani. Watu wote wanajua kimbunga kinakwenda kinyume cha saa kwa sababu wanakiona kwenye televisheni. Lakini televisheni inakitazama kutoka juu, kule kwenye ndege na vyombo vya wenye nafasi zao. Ukiwa chini yake, jicho lake likiwa juu ya paa lako, kama paa bado unalo, ukainua uso, unakiona kinakwenda kama saa. Nilikiona kwa macho yangu haya miaka kumi na mitano iliyopita, nimemshika mkono mke wangu Muriel nje ya shule iliyotiwa kufuli. Waliotuambia tukimbilie shule ile ndio waliokuwa na ufunguo, na mwenye ufunguo alikuwa kwake mlimani, ndani ya nyumba ya zege. Upepo ulipotulia tulitoka kwenye kibaraza tulikojibanza, tukatazama juu. Muriel akasema, "Alwyn, tazama, kinageuka kama gurudumu la cherehani." Baada ya dakika ishirini upepo ulirudi, ukaja na bati la mtu. Sina zaidi ya kusema hapo.

Jambo lile la mzunguko nililinyamazia miaka yote. Hata padri sikumwambia. Nilimwambia Ianthe Modeste peke yake.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili, nyumbani kwake, chungu cha shelisheli na tui la nazi kikitokota jikoni. Ianthe anachambua kungumanga kwenye kituo chetu cha Gouyave, siku nzima anabeba trei, na hata akioga mara tatu shingo yake haiachi kunukia basibasi. Alikuwa amenipa nazi nikune, maana alisema mwanamume anayekaa jikoni bure anavuta nzi. Sijui kilichonifungua mdomo. Nilimsimulia shule, kufuli, kibaraza, na kile tulichokiona juu. Hakusema pole. Nimeambiwa pole na watu wengi, na kila pole ilikuwa kama mtu anafunga dirisha. Ianthe aliinua uso akatazama dari, akanyoosha kidole juu, akakizungusha taratibu.

"Hivi?"

"Hivyo."

Alizungusha tena, macho yake yamejaa maji lakini hayamwagiki.

"Basi hilo nitalicheza mimi," alisema. "Tengeneza, Alwyn. Nitatembea jukwaa zima nikitazama juu. Majaji sitawatazama hata mara moja."

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Nilidhani moyo wangu ulikwisha kuwa kitu cha kusukumia damu tu. Nilimtazama yule mwanamke na mwiko wake mkononi, na mbuzi ya nazi ikaniparuza vidole nisisikie.

Mwezi wa nne nilimposa, akakubali. Ndoa iwe Septemba, mas ikishapita. Mama yake alisema mpinda waya ni mwanamume wa mwezi mmoja kwa mwaka, miezi kumi na mmoja iliyobaki utamlisha. Upande wangu aliyepinga ni Agnita, dada wa marehemu Muriel. Yeye alisema, "Dada yangu hata hajapoa kaburini." Miaka kumi na mitano! Hata chuma cha mhunzi kingekuwa kimepoa.

Nilipofika bandani saa kumi na moja, Agnita alikuwa kwenye kigoda chake anashona. Hakumtaka Ianthe, lakini mas ni mas. Akigombana na mtu anagombana huku sindano inakwenda. Katikati ya banda fremu ya malkia ilining'inia kwenye boriti kwa kamba. Nira ya kukalia mabegani nilikuwa nimekwisha kuipinda, pamoja na kifua na kiuno. Ile mikono saba ya mawingu ilikuwa bado imelala sakafuni. Ukiilaza hivi inakwenda huku, ukiigeuza inakwenda kule, na mpaka siku ya kuipandisha hakuna anayejua. Hata Agnita aliyeivika kitambaa yote saba hakujua.

"Shemeji, umerudi na uso wa samaki wa juzi," alisema. "Waya wamekunyima?"

"Pascall ana kimbunga."

"Nani hana?"

"Chake kinazunguka kama saa. Kama hiki. Hiki kitazunguka kama saa, Agnita. Nilimwambia mtu mmoja."

Sindano ikasimama. Agnita si mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Mhm," alisema. Halafu akasema tena, "Mhm. Na mimi nilisema nini?"

"Ulisema mengi."

"Nilisema mwanamke anayecheka na meno yote thelathini na mbili hana pa kuficha siri."

"Agnita, leo usinichokoze."

"Sikuchokozi. Nashona."

Ianthe alikuja saa kumi na moja na nusu, moja kwa moja kutoka kituoni, kitambaa kichwani, mkononi ana mikate ya kukaanga imefungwa kwenye karatasi. Alikuja kwa ajili ya kujaribu vazi, kama kila Alhamisi. Kila Alhamisi nikisikia ndala zake kwenye changarawe nilikuwa naacha koleo na kujifuta jasho. Siku hiyo niliendelea kulishika.

"Jamani, mbona kimya hivi?" alisema mlangoni. "Nimeingia kwenye kikao cha posa au cha matanga? Dada Agnita, shikamoo. Alwyn, kula hii ikiwa moto."

"Kimbunga cha Pascall kinazunguka upande gani?"

Alisimama. Niliomba Mungu, nakiri, niliomba aniulize, "Pascall ana kimbunga?" Ningemwamini. Angeniambia malaika ndiye aliyemchorea Pascall, ningemwamini.

"Nani amekwambia?" aliuliza.

"Basi umeshajibu."

Aliweka mikate juu ya meza, akaisogeza ili isiguse gundi.

"Nilitaka nikwambie leo."

"Leo! Kwa nini usingoje Jumamosi, ukanitangazia kwenye redio pamoja na watu wengine? Ee? 'Malkia wa Pascall ni Ianthe Modeste, na salamu kwa mchumba wake kule kwenye banda la ndizi.'"

"Alwyn..."

"Alikupa nini? Chumba chenye feni? Juisi? Alikuahidi gari la kukubeba siku ya mas, usitembee na vumbi letu?"

"Hakunipa kitu."

"Mtu haibi bure!"

"Alinipima."

Nilidhani sikusikia. "Alikufanya nini?"

"Alinipima, Alwyn. Waliniambia simama hapa, nyoosha mikono. Wakachukua futi ya fundi nguo wakanipima mabega, kifua, kiuno, hapa mpaka hapa. Dakika tano tu. Nikalia mpaka wakadhani pini imenichoma."

"Pascall alikupima kifua?"

"Mkewe!" alipiga kelele. "Mkewe ndiye aliyenipima! Hata hapo unasikia unachotaka kusikia tu!"

Agnita alikohoa. Nilimtazama, akainamia kitambaa chake.

"Na mimi?" nilisema. "Miezi mitatu nakuvika vazi, kila Alhamisi. Nani anakufunga? Nani anakushika kiuno usianguke?"

"Unanivika. Hujawahi kunipima."

"Uzi wako ule pale!"

Niliuonyesha msumarini. Katika kazi yetu hatutumii futi. Kila malkia ana uzi wake: fundo la kwanza bega hadi bega, la pili kifua, la tatu kiuno, la nne nyonga, la mwisho goti. Mpinda waya haandiki, na wengine kama mimi hata kuandika kwenyewe ni taabu. Uzi ndio kitabu. Malkia akiacha kucheza anapewa uzi wake aende nao. Nilikwenda kuuchukua, nikarudi nao umening'inia mkononi, nikautikisa mbele ya uso wake kama mtu mwenye ushahidi.

"Huu wa nani?" Ianthe aliuliza polepole.

"Wako."

"Mwulize Dada Agnita."

Sikumwuliza. Sikuhitaji. Nilikuwa nimeutazama uzi ule kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano nilipouchukua msumarini, na mafundo yake yalikuwa yamepakwa nta nyekundu. Kwenye banda hili ni uzi mmoja tu uliowahi kupakwa nta mafundoni, ili usifunguke.

"Ni wa Muriel, alipokuwa malkia wetu," Agnita alisema bila kuinua kichwa. "Nilimpakia nta mwenyewe. Tulikuwa tumekaa palepale uliposimama."

Mtu ataniuliza, wewe Alwyn hukujua? Nami nitamjibu hivi: kulikuwa na uzi mmoja ukutani. Malkia wote niliowapindia walikwenda na nyuzi zao. Huu haukuwa na wa kuondoka nao. Asubuhi moja mkono wangu uliunyakua, nikaanza kupinda nira, na nira ikaenda vizuri kuliko zote nilizowahi kupinda, waya ukinifuata kama mbwa. Sikujiuliza kwa nini. Mtu akifurahia kazi hajiulizi.

Ianthe alifungua vifungo viwili vya blauzi yake, akaishusha begani. Hakuona haya mbele ya Agnita, wala Agnita hakugeuza uso. Pale ambapo nira inakaa, ngozi ilikuwa imechanika, kidonda juu ya kidonda, na pembeni mwake rangi ya zambarau. Akashusha upande wa pili. Sawasawa.

Mabega yake ni mapana. Miaka ishirini ya trei za kungumanga. Muriel alikuwa na mabega ya ndege.

"Nilipokwambia inanibana," alisema, "ulinijibu nini?"

Niliuzungusha uzi kidoleni.

"Sema. Ulinijibu nini?"

"Nilisema itakaa."

"Hapana. Ulisema, 'Itakaa tu, huwa inakaa.' Huwa, Alwyn! Mara ya kwanza navaa vazi lako, na wewe unaniambia huwa. Huwa inakaa kwa nani? Nilikwenda nyumbani nikijiuliza hilo wiki nzima, hadi nikamwuliza mtu."

"Ukamwuliza nani?"

"Mimi," Agnita alisema.

Niligeuka. Nadhani hilo ndilo lililoniuma zaidi, sijui kwa nini. Pascall sikutegemea kitu kwake. Lakini na Agnita tulimzika Muriel pamoja, tumebeba jeneza yeye kushoto mimi kulia kwa sababu wanaume walikuwa wanatafuta watu wao.

"Wewe uliyajua haya ukanyamaza?"

"Nilinyamaza kwako. Yeye aliuliza, nikamjibu. Mimi si mwongo wa kazini." Alikata uzi kwa meno. "Nilidhani ataondoka. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka, nakuambia kweli mbele yake. Sikujua ataondoka na kimbunga."

"Nyote wawili," nilisema. "Nyote wawili mlikaa humu, mkala chakula changu, mkacheka, na mimi mjinga napinda waya."

"Usilie kwa ajili ya ujinga," Ianthe alisema. Sasa ndipo yale maji yalipomwagika. "Unajua ni vigumu kiasi gani kuwa na wivu na marehemu? Nitamwambia nani? Nikuambie, Alwyn, achana na Muriel, mabega yananiuma? Ungeniona mnyama. Kila Alhamisi uliponifunga nira, ulifumba macho. Nilidhani ni mapenzi. Nilidhani mwanamume huyu ananipenda hadi anafumba macho."

"Nilikupenda. Nakupenda."

"Basi ulikuwa unanipenda mimi na kumshika yeye."

"Ungeniambia badala ya kwenda kuniuza kwa yule mtu!"

"Kweli." Alijifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Kweli, ningekwambia. Pascall aliniita wiki tatu zilizopita, kwa muda mrefu alinitaka nimchezee, unajua. Nilikwenda ili tu nione mtu anayenitaka mimi. Wakanipima. Nikiwa bado nalia akaniuliza, unataka kucheza nini? Na mdomo wangu ukafunguka. Nilimwambia kila kitu. Akataka kukigeuza, nikamwambia ukikigeuza sichezi. Nilitaka upepo wako, Alwyn. Sikutaka mwili wa mkeo."

"Nilikwambia wewe peke yako."

"Najua."

"Hata padri sikumwambia."

"Najua! Unadhani nalala?"

Nje mtu alipita na wenzake anapiga ngoma ya bati, wanafanya mazoezi ya mas, wanacheka. Tulingoja wapite. Ajabu ya watu waliozoeana: hata kwenye ugomvi tulingoja kelele ipite ndipo tuendelee.

"Kesho saa nne asubuhi natakiwa kwa Pascall, bandarini, kutia sahihi," Ianthe alisema. Alikuwa ameacha kulia. Alizungumza kama anavyozungumza kituoni, mzigo huu kule, huu hapa. "Sijatia bado. Nisikilize. Chukua koleo lako, ukate nira hiyo. Sasa hivi, mimi nikiona. Unipime, upinde upya kwa mabega haya niliyo nayo. Nitakwenda kesho nimwambie Pascall hapana, manyoya yake avae mwenyewe. Nitacheza hapa, na Septemba iko palepale."

"Na nisipokata?"

"Basi utaniona jukwaani na vazi lake."

"Mwizi ananiwekea masharti!" nilicheka, kicheko kibaya. "Agnita, unasikia? Ameniibia, na sasa ananipangia. Kwanza useme samahani. Bado hujasema samahani hata mara moja!"

"Samahani," alisema.

Hakungoja hata kuvuta pumzi. Alinitazama machoni.

"Samahani, Alwyn. Ulinipa kitu ambacho hukumpa mtu mwingine, nikakitoa nje. Nimekusaliti. Sikuwa na haki, hata kwa mabega haya. Samahani." Halafu akasema, "Sasa wewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote isipokuwa hilo. Samahani yake ilininyang'anya mahali pa kusimama. Nilikuwa na maneno mengine mengi, ya Pascall na mchoraji wake wa Trinidad, ya wenye kupanga majaji, ya wenye funguo na nyumba zao za zege, nikayatafuta na hayakuja, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameupinda waya ule. Nilikuwa nimeupinda mimi.

Nikachukua koleo.

Nira si kitu kikubwa. Ni mikunjo miwili ya waya mnene, mmoja kulia, mmoja kushoto, imekutana nyuma ya shingo. Kuikata ni kubana mara mbili. Nilitia meno ya koleo kwenye mkunjo wa kushoto. Fremu iliyumba kidogo kwenye kamba yake, ikageuka, ikanielekea. Pale nilipokuwa nimesimama, mwanga wa jioni ukipita kwenye waya, niliyaona mabega yale madogo jinsi yalivyo, na ile kona ya kulia iliyoinuka kidogo kuliko ya kushoto, kwa sababu Muriel alizoea kubebea kapu upande huo. Nilikuwa nimeipinda hata hiyo. Uzi hauna fundo la jambo kama hilo. Niliipinda kwa kukumbuka.

"Alwyn," Ianthe aliita.

Mkono haukufunga.

Ianthe alikuwa amenyoosha mikono yake pembeni, kama walivyomfundisha kule, tayari kupimwa, blauzi bado imeshuka, vidonda vyake wazi. Alikaa vile mpaka mikono ikaanza kutetemeka kwa kuchoka, na mwanamke yule anabeba trei za kungumanga siku nzima hachoki. Ndipo alipoishusha. Alipandisha blauzi, akafunga kifungo cha chini, akafunga cha juu.

"Ngoja," nilisema.

"Nimengoja."

"Nipe mpaka kesho."

"Kesho hiyohiyo ya saa nne? Au kesho yako ya miaka kumi na mitano?" Hakulisema kwa ukali. Alilisema kwa uchovu, na ningependelea ukali.

Alipofika mlangoni Agnita aliinuka. Alichukua kipande cha kitambaa cheupe, laini, kilichobaki kwenye mawingu, akamfuata.

"Weka hiki begani," alimwambia. "Usiku blauzi itashikana na kidonda."

Walitazamana wanawake wale wawili. Ianthe alikipokea, akasema, "Asante, dada," akaenda zake. Nilisikia ndala zake kwenye changarawe mpaka barabarani. Mguu wangu mmoja ulikuwa umetangulia kumfuata. Wa pili ulikuwa bado chini ya fremu. Ninawajua watu watakaosema ningekimbia. Wao hawajawahi kushika koleo.

Mikate ilikuwa mezani, imepoa, mafuta yamelowesha karatasi. Nilimwambia Agnita aende nyumbani, nikamwambia sitaki kumwona tena humu, nikamwambia mengine ambayo hayasimuliki. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu alikusanya sindano zake, akasimama mbele ya fremu ile na mikono kiunoni, akaitazama juu hadi chini kama anayetazama mtu aliyechelewa kufika.

"Mikono yote saba nimemaliza," alisema. "Usiku wa mashindano ya malkia umebakiza siku kumi na saba. Sawa, mimi nimekukosea, yeye amekukosea, dunia nzima imekukosea, shemeji. Lakini niambie kitu kimoja. Hili sasa nani atalivaa?"